Kitengo cha Watu Wanaoandamwa

Wananchi wote watambue kwamba kero ya kuandamwa na kusumbuliwa njiani imekwisha. Kitengo cha Watu Wanaoandamwa kimezinduliwa rasmi, utepe umekatwa, na Mkuu wake tayari ana kiti kinachozunguka.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi cherehani. Tangu amkatae muuza simu wa jirani, bwana huyo alimganda kama kupe: asubuhi yuko mlangoni pa kibanda chake, jioni yuko nyuma yake mpaka nyumbani. Fundi alikuwa na hofu, na alitaka jambo moja tu, kurudi kwake kwa amani.

"Anakaa wapi?" Mkuu aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Sasa dada yangu, hati ya katazo tuipeleke wapi, hewani? Mfuate, ujue anakolala."

"Nimfuate mimi?"

"Ni agizo la Kitengo. Usiniangushe."

Basi fundi akamfuata, shangazi yake ubavuni. Bwana simu akikata kona, nao wanakata. Akiingia kunyolewa, shangazi anajibwaga kwenye benchi na kuuliza kama zamu yake bado. Kesho yake bwana alianza kutembea upesi. Keshokutwa alitimua mbio, na fundi, loo, raha aliyoisikia siku hiyo! Alimfukuza huku akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Bwana aliingia Kitengoni akihema. "Mzee, naandamwa."

Mkuu alilengwalengwa na machozi. Mwanamume mzima kuteseka hivi! Kesi ilifunguliwa papo hapo, maana mlalamikaji alikuwa na anwani ya mshtakiwa kichwani, pamoja na rangi ya pazia la chumbani kwake.

Mahakamani, hakimu alisoma mpaka kwenye pazia, akasita.

"Pazia hili uliliona ukiwa wapi?"

"Dirishani kwake, mheshimiwa," bwana simu aliropoka.

"Na wewe, fundi, nani alikutuma umfuate?"

"Mimi, mheshimiwa," Mkuu alidakia kwa fahari. "Ni agizo langu."

"Vizuri. Sheria inasema anayemtuma mtu kumwandama mwenzake ana kosa sawa na mwandamaji. Wewe na bwana simu, nyote wawili, mahabusu."

"Mheshimiwa, mimi nalalamika," Mkuu alisema.

"Ni haki yako. Malalamiko yote chini ya sheria hii yanaanzia Kitengoni."

"Lakini Kitengo ni mimi."

"Basi jisikilize."

Fundi hakungoja kusikia Mkuu atajiambia nini. Alishika njia ya kwake, peke yake, taratibu.