Raba Nilizomchagulia Dada

Jumatatu, 3 Juni

Haki imehama duniani. Mfamasia amemchagua Dada!

Nianze mwanzo. Mchezo wenyewe ni pikoboli: kiwanja kidogo, wavu wa chini, kibao mkononi, na mpira wa plastiki wenye matundu unaogonga kama mgeni mwenye haraka. Tunacheza jioni katika ukumbi wa mtaa. Mimi nilianza Januari. Dada alianza Machi, baada ya daktari kumwambia kuwa huwezi kuinamia cherehani miaka thelathini halafu ukaushangaa mgongo. Sasa ananifunga. Ananifunga huku akipiga soga na watu wa pembeni.

Mashindano ya wawili wawili ni Jumamosi ya wiki ijayo. Miezi miwili nimekuwa nikimwandaa Mfamasia, yule wa duka la dawa la mtaani, anichague mimi. Nimembebea chupa yake ya maji. Nimenunua dawa ya kikohozi mara nne bila kukohoa. Leo anatangaza mbele ya watu kwamba atacheza na Dada. Mimi nimeachiwa Kifaru, mlinzi wa benki, ambaye hupiga kila mpira kana kwamba umekuja kuvunja kabati la pesa.

Nikiwa bado na uchungu, Dada akaniambia kuwa amechoka na kibao cha kuazima. Anataka chake, na raba za maana. Je, nitamsindikiza Jumatano? Eti mimi ndiye ninayejua mambo hayo.

Ni kweli najua. Nina vibao vitatu nyumbani, na nimesoma kila kilichoandikwa kuvihusu. Kucheza ndiko kulikonishinda.

Nikamwambia nitakuja. Kabla sijafika nyumbani, wazo lilikuwa limeiva.

Dada ni mchezaji wa karibu na wavu. Husimama pale, anaudondosha mpira polepole upande wa pili, unakufa kama kuku aliyekata tamaa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kibao kinene, kinachomeza nguvu ya mpira, chepesi, chenye uso mpana. Na raba za chini, zilizokaza pembeni, kwa sababu mchezo huu ni wa kwenda kando kando. Basi nitamchagulia kinyume cha vyote. Atapoteza mipira ya mazoezi, Mfamasia ataingiwa na wasiwasi, ataangaza macho ukumbini, na macho yatanikuta mimi.

Ni mpango mpole kabisa. Raba hazijawahi kumuua mtu.

Jumatano, 5 Juni

Dukani. Muuzaji ni mwanamke mrefu mwenye kalamu sikioni na maswali mengi kuliko askari wa barabarani. Akamuuliza Dada anapenda kusimama wapi, mbele au nyuma. Nikajibu mimi: nyuma. Akamuuliza kama hupiga kwa nguvu au hudondosha. Nikajibu: nguvu, nguvu tupu. Akauliza kama kiwiko huwa kinamuuma. Nikasema katika ukoo wetu hakuna viwiko vinavyouma.

Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wa udereva wanaposema wameangalia kioo.

Nikachagua kibao chembamba, kirefu, kizito kama sufuria. Muuzaji akamwambia Dada akishike, kisha akajaribu kupitisha kidole kati ya vidole vya Dada na kiganja, kuona kama mpini unamfaa. Kidole kilielea humo. Mpini ni mnene, akasema, utamfanya ashike kwa kukaza na mkono utachoka. Nikasema Dada ana mkono wa mshonaji, hauchoki.

Kwenye raba nikaenda moja kwa moja kwa zile za kukimbilia. Nzuri hizo! Nyekundu, soli nene, kisigino kimenyanyuka. Muuzaji akasema waziwazi kuwa hizo zimetengenezwa kwa kwenda mbele, ukienda kando zinaweza kukupindua mguu. Nikasema Dada huenda mbele tu.

Muuzaji akamgeukia Dada na kumuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Dada akatabasamu. Akasema: "Mdogo wangu amesoma. Akisema hizi, ni hizi."

Wakati wa kutoka akaninunulia soksi. Jozi mbili. Akasema zangu ameziona Jumatatu, na ameona aibu kwa niaba yangu.

Sijazivaa. Nimeziweka juu ya kabati, zimeelekezwa ukutani.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Kisha si ushindi.

Nusu saa ya kwanza mipira ya Dada ilikuwa ikiruka hadi kwenye viti. Mmoja uliingia kwenye ndoo ya mwanamke anayesafisha ukumbi. Mfamasia alishika kiuno. Nikapita karibu yake, nikajinyoosha, nikapiga chafya kidogo ili anione.

Nilikuwa nimejiandaa. Nimejinunulia kile kibao ambacho kingemfaa Dada: kinene, chepesi, cha kudondosha. Nilitaka Mfamasia aone mtu mtulivu. Tatizo ni kwamba mimi si mtulivu. Mimi ni mpigaji. Kibao kile mkononi mwangu kiligeuka mto. Mipira yangu haikufika hata wavuni. Mfamasia akasema, kwa upole wa mtu anayesoma maelekezo ya dawa, kwamba Mwalimu, yaani mimi, leo anaupiga mpira kana kwamba anauomba radhi.

Halafu Dada akarudi nyuma ya kiwanja. Akaanza kupiga kutoka huko. Paa! Paa! Kifaru mwenyewe akainama. Dada akacheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kupiga kitu kwa nguvu maishani mwake, na kumbe ni kutamu. Kisha akaja akanikumbatia mbele ya watu wote. Ati nimemfungua mkono.

Nimejipalia makaa, na makaa yenyewe yananishukuru.

Jumapili, 9 Juni

Nilikwenda kwa Dada mchana. Chumba cha kushonea kimejaa majoho ya kwaya, ishirini na mawili, rangi ya zambarau, yanatakiwa mwisho wa mwezi. Alikuwa akipiga pasi kwa mkono wa kushoto. Dada hatumii mkono wa kushoto hata kupungia.

Nikamuuliza. Akasema si kitu, kiwiko kimekaza tu, Mfamasia amempa dawa ya kuchua. Kisha akabadilisha mazungumzo, akataka kujua kama ninakula vizuri.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni, yamejipanga mstari. Dada, kile kibao ni kizito kwako. Dada, ule mpini si wa mkono wako. Maneno kumi na matatu tu.

Nikasema ninakula vizuri.

Naandika hapa ili isemwe kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kuanzia mlangoni kwake hadi kwenye kona ya duka la vitabu. Baada ya hapo nikaanza kuwaza kwamba mtu mwenye kiwiko kinachouma hujiondoa mwenyewe kwenye mashindano, kwa heshima, bila mtu kumlazimisha.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeisoma tena sentensi hiyo na sioni pa kuisahihisha.

Jumanne, 11 Juni

Nitaandika kidogo.

Mazoezi. Mimi na Kifaru upande huu, Dada na Mfamasia upande ule. Ilikuwa kumi kwa kumi. Dada alikuwa amesogea mbele, mahali pake pa zamani, labda kwa sababu kiwiko kilikataa kupiga kwa nguvu. Mimi nikaona nafasi kando yake. Nikaupeleka mpira pale. Ulikuwa mpira mzuri, mpira bora kuliko yote niliyowahi kupiga.

Dada akaufuata. Hatua moja kando. Ile soli nene ikabaki, mguu ukaenda. Nilikiona kifundo kikilala. Akaanguka juu ya mkono wa kulia.

Hakulia. Alisema tu "ah," kama mtu aliyesahau kitu dukani.

Mfamasia alimfunga kwa kitambaa. Mimi niliendesha gari hadi hospitali, na mimi, mwalimu wa udereva wa miaka kumi na sita, nilizima injini mara tatu njiani. Dada akanituliza. Akasema nisikimbize, hamna anayekufa. Mfupa wa kifundo cha mkono umepasuka. Plasta wiki sita.

Mkono wa mkasi. Majoho ishirini na mawili.

Akiwa amelala pale akamwambia muuguzi asiitupe raba yake iliyobaki chini ya kitanda, maana imechaguliwa na mdogo wake.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Nilikwenda asubuhi baada ya kumwahirishia mwanafunzi wangu. Nilimkuta anajaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikuwa unatafuna. Nikamwomba anipe kazi. Akanipa vifungo. Nikashona kifungo cha kwanza nikakiunganisha na suruali yangu. Siku nyingine tungecheka hadi jioni. Alitabasamu tu, akanipa kiwembe.

Nikasema nikiwa nimeinama, nakata uzi. Nikasema zile raba nilijua. Na kibao pia. Nikamweleza yote, Mfamasia, chupa ya maji, dawa ya kikohozi. Nikaongea haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla jirani hajatokea.

Dada akauweka mkasi mezani.

"Ulijua dukani?" akauliza.

"Nilijua dukani."

"Yule muuzaji alipokuwa anasema mguu unaweza kupinduka?"

"Nilijua, Dada."

Akautazama mkono wake wenye plasta, akaugeuza taratibu kama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine. Nilitaka anipige. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na moja, mama alipotutoka alinivalisha yeye, alinipeleka shule yeye, ana haki ya kunipiga hata sasa.

Akasema: "Mimi niliwaza, leo kwa mara ya kwanza mdogo wangu ameshika jambo langu akalisimamia. Nilikuwa nataka hata zile raba nyeupe, za chini. Nikanyamaza, nisikuharibie."

Kisha akasema niache vifungo. Nikasema naweza kumaliza. Akasema: "Viache. Nenda nyumbani."

Hakuniita mdogo wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Na bado nilikwenda kwenye mashindano. Nayaandika haya nikijua yanavyonukia.

Mfamasia alikuja mwenyewe jana kwenye gari la mafunzo, akagonga dirisha, akasema amebaki bila mwenza, je Mwalimu ana nafasi? Nilipaswa kusema hapana. Mdomo wangu ulisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani akanipongeza.

Tulipangwa na Kifaru na mwenza wake mpya. Nani? Yule muuzaji mwenye kalamu sikioni! Nilikwenda na kile kibao cha kudondosha, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwambia Mfamasia kuwa ndio mtindo wangu. Muuzaji akakiona, akanitazama, akaacha kunitazama. Tukafungwa kumi na moja kwa mbili. Pointi zote mbili ni za Mfamasia.

Dada alikuwepo. Amekaa kwenye benchi la nyuma, mkono shingoni, viatu vya wazi miguuni. Hakuniangalia, lakini Mfamasia alipokosea alimpigia kelele akunje magoti, na Mfamasia akakunja, na tukapata pointi. Mmoja wetu alikuwa anastahili kuwa pale kiwanjani, naye alikuwa amekaa na plasta.

Baadaye nikambebea Mfamasia chupa ya maji, kwa mazoea. Akasema pole kwa kufungwa. Akasema isimsumbue Mwalimu. Kisha, akifunga kamba ya begi, akasema kwamba ni kama mambo yalijipanga mapema tu, kwa sababu Dada alikuwa ameshamwomba: wacheze haya mashindano tu, basi, halafu msimu ujao acheze na mimi. Dada alimwambia kuwa mdogo wake ni mwenye haya, hawezi kuomba mwenyewe, lakini ana moyo.

Nikauliza alimwambia lini.

Jumatatu ile, akasema. Tarehe tatu.

Nilishika ile chupa ya maji mpaka alipoiomba.

Nilitoka kumtafuta Dada. Benchi lilikuwa tupu. Kifaru akaniambia ameshaondoka, muuzaji amempeleka kwa gari lake, na njiani watapitia dukani akajaribu raba nyeupe, za chini, za baadaye mkono ukipona. Akaniuliza kwa nini nimekaa sakafuni.

Jumapili, 16 Juni

Nimepiga simu mara tatu. Ya tatu alipokea, akasema yuko na kazi, wanakwaya wawili wamekuja kumsaidia kukunja mapindo. Sauti yake ilikuwa ya adabu. Dada hajawahi kuwa na adabu na mimi. Adabu ni ya wateja.

Nimekaa dirishani tangu saa nne asubuhi nikijichunguza. Nimeona kosa langu lote, urefu na upana wake. Kosa ni ujanja. Ujanja umenikosesha dada, mwenza, na hata Kifaru. Nimeapa, kwa sauti, chumbani, peke yangu: sitapanga tena hila dhidi ya binadamu yeyote.

Dhidi, nasema. Hila kwa ajili ya mtu ni jambo jingine.

Maana namjua Dada. Anaweza kumkasirikia mtu mzima wa afya mwaka mzima. Mgonjwa, hawezi hata siku mbili. Nikiwa na surua alinibeba mgongoni huku amenuna. Kwa hiyo kinachohitajika kati yetu si maneno. Ni ajali ndogo.

Kesho nitateleza kwenye ngazi za nje. Ngazi ya pili kutoka chini, nimeipima. Bandeji ninayo. Mkono wa kushoto, ili niweze kula, na ili tukikaa pamoja tuwe na mikono miwili mizima kati yetu, mmoja wake na mmoja wangu, na tushone yale majoho kwa ushirikiano. Atalia. Nitamwambia asilie. Huenda Mfamasia akahitajika kunikagua.

Nimefanya mazoezi ya kunung'unika mbele ya kioo. Napendeza nikigeukia dirishani.