Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Bado wodini. Mguu umevimba kama mkate. Msumari mmoja tu wa kutu! Dalali wa magari mzima, nazunguka kwenye yadi ya watu na kandambili.

Nesi wetu wodi nzima inamwita Sista Rudia. Hatoi dawa mpaka utaje jina lako, na ukilitamka kwa kunung'unika, anakuambia rudia. Asubuhi kanisafisha kidonda, tumepiga soga mpaka tumefika kwa mama mkwe wangu. Mchana anarudi na vidonge, ananiuliza mimi ni nani! Nikamwambia Sista, mimi ni yule yule. Akasema sawa, na yule yule anaitwa nani?

Nikapata wazo. Vidonge vya siku nyingi ukivibugia kwa mkupuo, si unapona kwa mkupuo? Hata sokoni jumla ni nafuu kuliko rejareja. Nikamwomba aniachie juu ya kabati, nitameza baadaye. Akakataa, akasimama pale pale. Nikavibana chini ya ulimi nivikusanye. Akasema fungua mdomo, inua ulimi. Mama huyu angewekwa mpakani, hapiti mtu na hata kiberiti. Nikameza. Vichungu mno.

Jumanne, 4 Juni

Nimempata adui. Ni Mwalimu, mzee mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari, kitanda cha dirishani. Ana upepo safi, ana mandhari, na chakula kinaanza kwake kikiwa kinafuka moshi. Kikinifikia mimi huku mlangoni, uji umeshaganda.

Nimechunguza siri yake. Sista anakuja na sindano, anamdunga Mwalimu tumboni, na mara sahani ya moto inatua. Kumbe sindano ndiyo tiketi! Nikamwambia Sista na mimi nidungwe. Akacheka, akasema sindano ile ni ya kushusha sukari, na yangu haina shida. Wanavyojua kubania watu!

Lakini niseme ukweli. Nilimtazama akiandaa. Anasoma chupa anapoitoa, anaisoma tena anapovuta dawa, kisha anamwita nesi mwenzake naye aisome. Muuguzi wa miaka mingi vile! Mimi nikiuza gari hata injini sifungui.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Jioni nilimwendea Mwalimu nikichechemea, nikampa shikamoo ya heshima zote. Nikamwambia upepo wa dirishani ni adui wa mifupa ya wazee, nami kwa kumhurumia niko tayari kuumia badala yake. Mzee wa watu macho yakamlenga machozi. Akasema, mwanangu, Mungu akuzidishie. Tukabadilishana vitanda Sista akiwa wodi ya jirani.

Tena mkono mtupu haulambwi: Mwalimu akanipa na biskuti zake, zile ambazo Sista humwekea ale kabla ya kulala. Nimezila zote nikitazama nje. Upepo mwanana. Akili ni mali, jamani!

Alhamisi, 6 Juni



Asubuhi Sista akaja na trei mpaka dirishani. Akaniuliza jina. Nikajibu kwa sauti nzito majina matatu ya Mwalimu, mpaka la babu yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi! Akaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Hilo sikulitegemea. Nikataja wangu. Mstaafu gani ana umri wangu? Akanishika mkono, akasoma utepe wa hospitali niliovalishwa siku ya kwanza. Jina langu lote, limetulia pale kama shahidi.

Nikangoja matusi. Sikuyapata. Aligeuka kama umeme akaenda mlangoni, kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, anaita watoto wa darasa la tatu wakae chini. Sista akamtoboa kidole, akapima sukari. Imeshuka vibaya! Jana hakula biskuti zake. Hapo akili ilinirudi, na sikuipenda. Sindano haikumgusa mtu. Sista akamkalisha, akahakikisha anaweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, akamwita daktari, akapima tena. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Mkono wake haukutikisika. Mimi nilikuwa nalia kimya kimya chini ya shuka, nikiomba yule mzee asife kwa ajili ya uji wa moto.

Hakufa. Alipozinduka, aliniita akaniuliza kama biskuti zilikuwa tamu. Nikasema zilikuwa kavu kidogo.

Baadaye Sista akaja kwangu. Akaniambia taratibu kwamba sindano ile ingeniingia mimi, leo nami ningekuwa nazungumza na watoto wa darasa la tatu, au nisingezungumza kabisa. Akasema jina haliulizwi kwa kumsahau mtu, linaulizwa kwa kumjali. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimerudishwa mlangoni. Uji ulikuwa baridi, nikaumaliza bila kunung'unika. Sijapata kumwona mtu fundi kama yule mama.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeruhusiwa! Mguu umenywea, kandambili inaingia. Sista Rudia alinikabidhi vidonge vya nyumbani. Akasema nimeze mpaka viishe hata nikijisikia mzima, na nisimpe mtu mwingine. Akaniambia rudia. Nikarudia neno kwa neno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu alinipungia mkono kutoka dirishani. Nimeapa mbele ya wodi nzima: kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Nimefika nyumbani, nimemkuta shemeji ameshika shavu. Jino! Na mimi najisikia mzima kabisa. Vidonge vizuri namna hii kuvimaliza peke yangu ni uchoyo, na wahenga walisema kutoa ni moyo. Nikampa nusu.

Lakini si kienyeji! Kwanza nilimuuliza jina, nikamwambia arudie. Nikamuuliza mwaka wa kuzaliwa. Vyote sawasawa. Nikamwambia ameze, afungue mdomo, ainue ulimi. Safi kabisa.

Sista Rudia angeniona, angejivunia.