Mifuko Kumi ya Udongo wa Tonton Noël

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Madame Josée, mtafiti wetu, amenituma kuchimba udongo kwenye bustani kumi za wamama, kando ya mfereji wa kiwanda cha rangi. Anataka kujua kama mabwawa mapya ya kusafishia maji machafu yanafanya kazi, au kama madini bado yanaingia kwenye mboga. Mfuko mmoja kwa kila bustani. Chance, mwenzangu wa kazi, amevaa buti. Anajipendekeza tu. Mimi niko na viatu vyeupe, vipya. Donc nimefikiri. Udongo ni udongo. Nimechimba yote nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, Tonton Noël, hapa Mangobo, nikaandika namba za bustani kwenye mifuko. Saa nne nilikuwa nimemaliza. Viatu bado vyeupe.

Ijumaa, tarehe 7
Mashine imesoma mifuko yangu. Yote kumi imejaa risasi, yale madini yenye sumu. Madame Josée ameshika kichwa, halafu amekwenda kuwakataza wamama kuuza mboga, maana risasi huharibu akili za watoto. Chance ameniuliza, kwa ule upole wake, imekuwaje bustani kumi zilingane hivyo. Nimesema maji hayachagui.
Kwenye chakula ndipo nimekumbuka. Tonton huvunja betri za magari nyuma ya nyumba, anayeyusha risasi, anawatengenezea wavuvi wa Yanonge vizito vya nyavu. Miaka kumi na miwili sasa. Nilichimba pale pale.

Jumamosi, tarehe 8
Sikukuu ya wanawake. Mji mzima uko kwenye défilé, gwaride la sikukuu. Mama Fortunée, mmoja wa wale wamama kumi, ambaye hunipa lituma, ndizi za kupondwa, kila nikipita, anang'oa mboga zake za lengalenga akiwa na kitenge cha sikukuu. Nimemsaidia kung'oa, kwa aibu. Ameniuliza polepole, bila kunitazama, kama mjukuu wake, anayekaribia miaka mitatu na bado hasemi, aliharibiwa na mboga zake. Nimemjibu kwamba mashine nayo huchoka. Jibu la mjinga.

Jumatatu, tarehe 10
Mpango mpya: kuchimba udongo wa kweli alfajiri, kubadilisha mifuko kabla Madame hajafika. Nimechimba bustani zote kumi, tena ndoo nzima ya akiba kutoka bustani ya Mama Fortunée. Mlangoni mwa maabara nimemkuta Chance. Anafika wa kwanza kila siku, hana maisha yule. Ametazama viatu vyangu, tope mpaka kwenye kamba, akauliza kama wiki jana bustani zilikuwa kavu. Nimesema yote.

Jumatano, tarehe 12
Udongo wa wamama ni safi. Mabwawa yanafanya kazi. Madame hakunifukuza. Amefanya kitu kibaya zaidi, amenipeleka kwa wamama niseme mwenyewe. Nimesema nikitazama chini. Hakuna aliyenitukana. Mama Fortunée ameuliza tu kama ilikuwa ni kwa sababu ya viatu. Nimesema ndiyo, Mama. Akanipa jembe na mbegu. Nimepanda upya bustani yake yote, na nimelia kidogo. Nimeapa sitadanganya tena maisha yangu yote.

Jumamosi, tarehe 15
Madame anasema hatari sasa iko kwa Tonton Noël, na watoto wanacheza mule mule. Jumatatu nitachimba huko, mifuko kumi. Chance ameniazima buti zake. Tonton amenikalisha chini, akalalamika kwamba wakikuta risasi watamkataza kazi. Ndiye aliyenilea. Mtoto wake wa mwisho alikuwa magotini pake. Ni rika la mjukuu wa Mama Fortunée, naye bado hasemi, Tonton anasema ni mpole tu.
Roho imeniuma sana. Bon. Ile ndoo ya udongo wa Mama Fortunée iko chini ya kitanda changu, udongo mzuri, umeshapimwa, unatosha mifuko kumi. Safari hii si uvivu, ni huruma. Nimeshaandika namba kwenye mifuko yote.