Jinsi Nilivyomtembeza Beldina Riyadh

Jumanne, 11 Novemba

Ushindi! Beldina amenipigia mimi, si mtu mwingine. Jumapili anarudi Kakamega kabisa, na madam wake amempa Ijumaa nzima. Miaka miwili yuko Riyadh na mji ameuona kupitia kioo cha gari tu, huku amempakata mtoto wa watu. Zacharia, dereva wa nyumba hiyo, alijitolea kumzungusha kwa gari la bosi. Beldina akakataa. Ati amechoka na vioo. Anataka kukanyaga.

Nikamwambia amefika. Mji huu naujua nje ndani. Akauliza kama ni kweli. Nikacheka kile kicheko cha mtu anayejua.

Ukweli, na usitoke hapa: basi la kampuni hunitoa kambini, hunishusha Olaya kwenye jengo ninalolinda, kisha hunirudisha. Miaka mitatu sasa. Naijua lifti. Naujua mlango wa nyuma. Lakini mlinzi ni macho, na mji ni nini kama si jengo lisilo na paa?

Jumatano, 12 Novemba

Zacharia amesikia. Akapiga simu kuuliza nitampeleka wapi. Nikasema ni siri ya kazi. Akasema nikimpotezea Beldina siku yake ya mwisho, hatanisamehe, na madam atamuuliza yeye, kwa sababu ndiye atakayemleta na kumchukua. Wivu mtupu! Mtu akishashika usukani anadhani barabara ni zake.

Eric, tunayelala naye chumba kimoja, amenishauri nifanye mazoezi ya njia kesho baada ya zamu. Nikamwambia mazoezi ni ya watu wenye wasiwasi. Nikalala vizuri sana.

Alhamisi, 13 Novemba

Mpango umekamilika. Muuza chai wa nyuma ya jengo amenielekeza: treni ya metro hadi Al-Dirah, mji wa zamani. Kuna ngome ya udongo na soko. Rahisi! Historia ya ngome nimeitunga mwenyewe wakati wa zamu. Ina mfalme, ngamia mwerevu na kisima.

Viongozi wa watalii hunyanyua kitu ili wasipotewe na watu wao. Nimefunga leso nyekundu kwenye mpini wa ufagio. Eric alitazama, akageukia ukuta.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku kuu!

Zacharia aliwaleta kituoni Olaya. Beldina alikuwa na rafiki yake Roseline, wa nyumba ya jirani, wote wamependeza. Nikanyanyua mpini. Mhudumu wa kituo akaja mbio: mafi, yaani hakuna. Ufagio hauingii kwenye treni. Ilibidi nimkabidhi Zacharia. Alibaki amesimama pale na leso yangu kama mwamuzi wa mpira. Nilifurahi kumwachia kazi.

Treni ikaja. Pigo dogo. Wanawake na familia behewa lao, wanaume walio peke yao behewa letu. Kiongozi huku, watalii kule! Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikapiga simu.

Nikamwambia Beldina atazame kushoto, aone lile jengo refu lenye tundu juu. Akasema haoni kitu, ni ukuta mweusi tu, tuko chini ya ardhi. Nikamwambia huo ndio msingi wake.

Nilikuwa nimefika kwa yule ngamia mwerevu simu ilipokatika. Al-Dirah, milango ikafunguka. Milango ikafungwa. Nikawaona Beldina na Roseline nje, wakinipungia mkono, nami ndani nikiondoka.

Nikafika mwisho wa njia. Vumbi, magari mabovu, mbuzi watatu. Si kivutio. Kurudi nako nikapanda treni isiyo yangu. Sitaeleza zaidi. Niliogopa, nakiri. Akilini nilimwona Beldina amekaa mahali analia, na ndege ni keshokutwa.

Nilipotokea Al-Dirah ilikuwa alasiri. Asubuhi yote maduka yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Hilo sikuliwaza! Nikakimbia uwanjani mbele ya ngome, jasho tupu.

Nikawakuta kivulini. Viatu wamevua. Beldina alikuwa anacheka hadi amejishika ubavu. Walikuwa wamezunguka vichochoro vyote kukiwa kimya, wakagusa kuta za udongo, wakapotea, wakajikuta. Mama mmoja muuza ubani aliwakaribisha kahawa na tende. Maduka yalipofunguliwa, Beldina alibishana bei ya chetezo kwa Kiarabu chake cha jikoni, na akashinda!

Nilianza kuomba radhi. Akanizuia.

"Kaka Josphat, unajua tangu asubuhi hakuna mtu aliyeniita?" akasema. "Hakuna yalla, haraka, hakuna Beldina njoo. Nilitembea tu. Nikichoka, nakaa."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Asante kwa kupotea," akasema.

Nikapangusa jasho, nikamweleza kwamba ndio mtindo wangu. Kiongozi bora hujificha. Roseline akakohoa.

Jioni Zacharia akaja kuwachukua, tabasamu tayari, ufagio kiti cha mbele. Akauliza kama nimewapoteza. Beldina akamwambia, mbele yangu, kwamba ni siku yake nzuri kuliko zote tangu ashuke kwenye ndege. Zacharia akashusha ufagio, akanikabidhi.

Nilitembea hadi kambini kama bwana harusi. Njia ndefu, maana nilikosea kona.

Jumatatu, 17 Novemba

Beldina alifika salama jana. Ametuma picha akiwa na mama yake, chetezo mezani.

Roseline amenitangaza kila mahali! Leo amenipigia simu binamu yake Terry, wa Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar. Yeye na wenzake wamepata mapumziko ya siku moja na wanataka kiongozi mwenye uzoefu. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nikamwahidi mji mkongwe, chemchemi ya baharini, na mambo mengine ambayo watalii wa kawaida hawaonyeshwi.

Eric ameuliza kama nimewahi kufika Jeddah hata siku moja. Swali la mtu asiye na kipaji. Mji uko upande mmoja, bahari upande mwingine. Mtu atapoteaje?