Mdogwudi Wangu Uko Njiani

Jumatatu, 7 Aprili. Ukungu asubuhi, kisha jua.
Mdogwudi wangu, ule mti wa maua, una vitumba. Hatimaye! Kila Aprili hapa Knoxville huchorwa mstari wa rangi ya waridi barabarani, magari yaufuate kutazama midogwudi iliyochanua. Kila mwaka mstari unaishia kwa jirani yangu, Nadine Pruitt. Jumamosi kamati ya mtaa inapita kukagua. Wakiona maua ya rangi ya waridi kwangu, mstari utanifikia. Nimemwambia Nadine ajiandae kisaikolojia. Akauliza kama mti wangu umewahi kutoa hata ua moja.

Jumatano, 9 Aprili. Kukavu, upepo kidogo.
Kwa nini nisubiri kamati? Nimevaa fulana ya njano ya mume wangu, Dewitt, kama za mafundi wa barabara, nikauchora mstari mwenyewe mchana kweupe, kutoka kwa Nadine hadi getini kwangu. Tarishi alinipungia mkono. Ukiwa na fulana ya njano huulizwi kitu.

Ijumaa, 11 Aprili. Jua kali.
Umechanua. Mweupe pe!
Nadine alivuka barabara na keki, ishara mbaya. Akaeleza kuwa mdogwudi wa waridi hupandikizwa juu ya kisiki cha mweupe.
“Lile tawi la juu ulilolikata, Verlene, ndilo lililokuwa la waridi. Umelea kisiki, maskini wee.”
Lilikuwa dhaifu! La chini lilikuwa nene, lenye afya. Nimemjibu weupe huo ni mwanga tu. Keki nimekula.

Jumamosi, 12 Aprili. Mawingu.
Alfajiri nimepanda ngazi na kopo la rangi. Nyuki wawili nao wamekuwa wa waridi. Magari yakaja mapema, yakifuata mstari wangu. Barabara yetu haina pa kutokea. Kufikia saa nne, magari kumi na moja yalikuwa yamekwama kwenye bustani yangu, la mwisho likiwa la kamati. Mwenyekiti, Bwana Hensley, akashika ua. Vidole vikawa vya waridi.
“Bi Verlene, huu mti umeupaka rangi?”
Nimemwambia maua bado mabichi.

Jumapili, 13 Aprili. Mvua.
Nimesugua mstari wangu barabarani kwa brashi hadi magoti yakachubuka. Nadine alinishikia mwavuli.
Jioni Dewitt ameniletea mche mpya wa waridi. Mtu mwema. Nimeupanda papo hapo. Tawi la juu lilikuwa jembamba, la kutia huruma, kwa hiyo nimelikata, lile nene la chini lipate nguvu. Nimelala saa tatu usiku, roho kwatu.