Dudumizi Wangu Haondoki Kwenye Orodha

Jumatatu, 5 Januari

Nimeweka orodha yangu ya mwaka jana mtandaoni, kwenye kundi letu la watazama ndege. Ndege tisini na saba! Nikakaa kusubiri sifa. Chai ikapoa. Dole gumba moja tu la kusifu, la mke wangu, na yeye anasema kidole kiliteleza.

Zamani orodha ya mwaka ilikuwa kitu. Watu walipongeza mpaka simu inaganda. Siku hizi mtu anaweka video ya kasuku anayekata viuno, kundi zima linapagawa. Sasa mwenyekiti wetu, nesi mstaafu tunayemwita Mama Darubini, ameandika kwamba orodha hazisomwi tena na Jumapili tutapiga kura tuzifute. Roho imeniuma. Zikifutwa nitabaki nani? Mkata vioo tu.

Mwenzetu kundini, Daktari wa Meno, mwenye ndege mia na arobaini, kapata madole manne. Matatu ni ya wafanyakazi wake. Nimehakikisha.

Jumanne, 6 Januari

Nimepata dawa yake! Orodha hazisomwi kwa sababu hazina ndege wa kushtua. Wote tuna kunguru, wote tuna njiwa. Mimi nitafungua mwaka mpya na dudumizi mweusi, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumpata. Kanuni za kundi zinaruhusu kuhesabu ndege uliyemsikia bila kumwona. Nimepakua mlio wake kwenye simu. Ukiupiga, dudumizi mwenyewe hudhani mgeni kavamia eneo lake, basi lazima ajibu.

Nimeujaribu dukani. Mteja akauliza kama mashine ya kusugulia vioo imekwama. Bosi akaniambia nizime au nihame na mlio wangu.

Alhamisi, 8 Januari

Nimeaga kazini kwamba jino linaniua. Nikaenda kwenye kinamasi nyuma ya mabwawa ya majitaka, nikajibanza kwenye matete upande wa magharibi, matope hadi magotini. Nikapiga mlio. Kimya. Nikapiga tena.

Akajibu! Nikipiga, anajibu. Nikinyamaza, ananiita. Asubuhi nzima, kama wachumba. Ndege gani huyo, hachoki! Sikumwona, lakini nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nikatangaza papo hapo kwenye kundi. Madole yakamiminika. Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja, kichwa kimenivimba.

Jioni, pigo. Daktari wa Meno naye katangaza dudumizi mweusi. Kinamasi hicho hicho, asubuhi hiyo hiyo. Mwizi wa mchana!

Ijumaa, 9 Januari

Nimemvaa hadharani, kundi zima likisoma. Amejibu kwamba alikuwa upande wa mashariki, kajificha kwenye matete, na ndege wake alikuwa akimjibu kutoka magharibi. Nikamwandikia kwamba huo ni uongo mtupu, magharibi nilikuwepo mimi na hakupita ndege hata mmoja.

Mama Darubini akauliza, kwa upole kabisa, kila mmoja wetu alimwitaje ndege wake. Nikaeleza kwa fahari: kwa simu. Daktari akaeleza: kwa simu. Kisha vicheko, ukurasa baada ya ukurasa. Sikuelewa mpaka mke wangu aliponifafanulia, huku kashika ukuta asianguke. Kumbe asubuhi nzima tulikuwa tunajibizana sisi kwa sisi!

Habari zimefika hadi kwa bosi. Kaniuliza jino linaendeleaje, maana amesikia nilishinda na daktari wa meno.

Jumamosi, 10 Januari

Niliamka nimeamua kujitoa kwenye kundi. Nikafungua simu. Loo! Watu wanasoma orodha yangu! Ndege kwa ndege, mstari kwa mstari, wakitafuta mahali nilipotia chumvi. Mmoja kauliza kama yule bata mweupe niliyemhesabu hakuwa na mwenyewe. Nikajibu kwamba mwenyewe hakuwepo. Madole!

Walipomalizana na mimi wakahamia kwa Daktari, wakakuta kamhesabu mwewe mmoja kwa majina mawili. Wengine wameleta orodha zao kwa hiari, nazo zichambuliwe. Watu wanavunjika mbavu. Leo kasuku hana hata mtazamaji mmoja. Sijitoi ng'o.

Jumapili, 11 Januari

Ushindi! Kura zimepigwa, orodha zinabaki. Hakuna aliyepinga. Mama Darubini kaandika kwamba hajacheka hivi tangu astaafu, na kwamba sifa zote ni zangu. Zote! Mke wangu anasema hizo si sifa. Wivu huo.

Daktari kanipigia, mpole ajabu, akiomba sote tumfute dudumizi yaishe. Nikamwambia afute wake. Akafuta. Wangu nimemwacha. Yeye amekiri alinisikia mimi. Mimi sijakiri kitu.

Hata hivyo tumepatana. Jumamosi ijayo tunarudi kinamasini pamoja kumtafuta ndege adimu zaidi, kila mtu na simu yake. Safari hii hakuna kuchanganyikiwa, nimeshapanga kila kitu. Yeye atajificha magharibi, mimi mashariki.