Mabawa Saba na Shahidi Mmoja

Alhamisi, 9 Septemba 1909
Hasira tangu asubuhi. Meya kasema malisho ya kijiji hayatoshi ndege mbili. Atakayepaa kwanza, malisho yake. Mwingine aondoe takataka zake. Mwingine! Tuko wawili tu: mimi, na Cuvelier fundi baiskeli. Ndege yake ina mabawa mawili, kama nzi. Yangu saba. Haijapaa bado, kweli, lakini saba ni saba. Wiki iliyopita nilitangaza kilabuni, mbele ya watu wote, kwamba chombo chake ni banda la kuku. Kanuna. Anune!

Jumamosi, 11 Septemba
Kesho chama cha warusha ndege cha mjini kinamleta shahidi, Bwana Vasseur. Kazi yake ni kulala kifudifudi kwenye majani na kuchungulia chini ya magurudumu. Akiona mwanga, umepaa. Asipoona, umefukuza ng'ombe tu. Asipokuwepo shahidi, au akishindwa kazi, saini ya mwanakijiji yeyote asiye ndugu yako inatosha.

Nina mbinu. Mkono mtupu haulambwi. Nitamlisha kwanza! Mke wangu Zélie kasema alale kwanza, ale baadaye. Nimemwambia hajui siasa. Akajibu kwamba anachojua ni kuwa mashuka yake yote ya harusi yamegeuka mabawa.

Jumapili, 12 Septemba
Laana! Laana tupu!

Vasseur kala bata mzima, pai ya vitunguu, chupa tatu za pombe ya matufaha. Kila alipokataa nilimmiminia. Saa nane mchana, kijiji kizima kikiwa bado mezani, akalala kwenye majani. Kalala vizuri mno, nikafurahi. Nikawasha injini. Karibu na mtaro bawa la juu likang'oka, likaenda zake. Ghafla mtikisiko ukakoma. Kimya chini yangu. Nilikuwa hewani! Hatua arobaini!

Nikashuka, nikamkimbilia shahidi. Anakoroma! Siafu puani! Nikamtikisa. Akasema samahani, hakuona kitu, ila bata alikuwa mzuri sana.

Nililia. Miaka minne ya kuchekwa, na siku ninapopaa hakuna jicho. Naam, nililia mbele ya ng'ombe.

Jioni nani kabisha hodi? Cuvelier, kofia mkononi. Alikuwa akinichungulia kutoka uani kwake, mpelelezi yule.

"Magurudumu yote mawili, jirani," akasema. "Nimeona mwanga. Lete karatasi nitie saini."

Zélie kaleta kalamu upesi kabla sijafungua mdomo. Kisha Cuvelier akaongeza kwamba angependa tu nifute lile neno la banda la kuku. Si kilabuni, hapo hapo jikoni.

"Neno moja tu, Anselme," Zélie akanong'ona. "Nakuomba."

Nikasema nimekosea, kweli. Si banda la kuku. Hata kuku wasingekubali kulala humo.

Kavaa kofia, kaondoka. Zélie kaifunga kalamu kabatini.

Jumatatu, 13 Septemba
Cuvelier kapaa saa tatu asubuhi. Kampa Vasseur kahawa chungu, wamesimama, bila hata kipande cha mkate. Bahili! Vasseur kalala macho yamemtoka. Kasema kaona mwanga wa kutosha kusomea gazeti.

Malisho yamekwenda. Cuvelier kasema ndege yangu inaweza kukaa pale hadi nipate pahali. Dharau gani hiyo!

Jumatano, 15 Septemba
Nimetulia, nimetafakari. Kosa nimeliona.

Kwa mabawa sita nilikwenda hatua arobaini. Basi kwa tisa navuka mto. Hesabu ya mtoto. Nimechukua vitambaa vya meza vya Zélie. Kahamia kwa dada yake, kwa hiyo hakuna wa kunisumbua. Mjomba ananiazima konde lake. Lina miti kidogo.

Chama nimekiandikia kimlete Vasseur yule yule, kwa kuwa anachopenda kula nakijua. Safari hii ubahili mwiko. Nimeagiza bata wawili.